Ngata za Mninga kwenye Giaboksi ya Panzi

Kaeni. Wewe wa mwisho, kaa taratibu, usilitikise hilo benchi. Nitawaambia baadaye kwa nini.

Naanza kwa kuwasema. Jana nilipita hapa gerejini kwa mjukuu wangu nikawakuta mnabadilisha raba za giaboksi kwenye gari dogo, zile mnazoziita mauntingi. Mmepiga jeki, mmefungua, mmetupa za zamani bila kuzitazama, mmefunga mpya kutoka kwenye boksi, mmekaza mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, halafu huyo mmoja akaenda kununua soda. Hakuna aliyeshika mkono wa gia kabla wala baada. Nikajiambia, Lukasi, nyamaza, umestaafu, nenda nyumbani kwako Ipuli ukalishe kuku. Nimenyamaza mpaka leo asubuhi. Nimeshindwa.

Raba mliyoitupa ilikuwa na habari. Ikiwa imevimba na kulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai, jua kuna mafuta yanavuja juu yake, na usipoziba pale yanapotoka, hata mpya itaoza vilevile. Ikiwa imechanika upande mmoja tu, giaboksi yako imekaa upande. Ikiwa kavu na imepasukapasuka, hiyo ni uzee, tumsamehe. Ninyi mnatupa tu! Mimi nilifundishwa kuitazama raba na fundi aliyekuwa anainusa kwanza, kisha anaiminya, kisha anaitia chumvi kidogo ya matusi, ndiyo anaiweka chini.

Aliitwa Fundi Mrisho. Mmanyema wa Ujiji, mfupi, ndevu nyeupe, tumbo la mbele kidogo. Enzi za Mwingereza alikuwa fundi mkuu wa gereji ya Bwana Humudi hapa Tabora mjini, nyuma ya ghala lake la asali na nta. Bwana Humudi alikuwa Mwarabu wa hapahapa, babu yake alikuja na misafara, yeye mwenyewe Oman aliijua kwa kusimuliwa. Alikuwa na malori ya kubeba nta, na sisi mafundi kazi yetu ilikuwa kuyafanya yatembee. Mimi nilikuwa tayari nina mke na mtoto, najiona fundi kamili. Mrisho aliniona nusu.

Zile raba yeye aliziita ngata. Alisema mpagazi hawezi kuweka mzigo juu ya fuvu, lazima asokote nguo au majani, aweke ngata kichwani kwanza, ndipo mzigo ukae. Giaboksi nayo ni mzigo, na gari lina kichwa. Ngata ikiwa laini mno, mzigo unayumba. Ikiwa ngumu mno, shingo inaumia. Gereji nzima tukaziita ngata, hata madereva wa Sikonge na Nzega wakaja wanasema, "Fundi, ngata yangu imekufa." Mpaka leo nikisikia mauntingi naona kama mnazungumzia mgonjwa wa hospitali.

Na kushika gia alinifundisha hivi. Aliniambia, "Weka mkono. Usikamate kama umemkamata mwizi wa kuku. Shika kama unamshika mkono mama mkwe wako."

"Fundi, mama mkwe kwetu hashikwi mkono!"

"Ndiyo maana yake. Uwe na woga kidogo."

Basi ukishika hivyo, kwa woga kidogo, gari likiwa linanguruma, mkono wa gia unakuambia mambo. Ukitaka kuhakikisha, vuta breki ya mkono, tia gia ya kwanza, inua mguu wa klachi taratibu mpaka gari litake kwenda lisiende, na mwenzako achungulie chini. Ukiona giaboksi inainuka kama mtu anayetaka kusimama akaghairi, ngata imekwisha.

Raba mpya zilikuwa shida kupatikana, kwa hiyo kila mtu alikuwa na dawa yake. Dereva mmoja wa lori la nta alijitengenezea ngata za ngozi ya ng'ombe, akazichovya kwenye nta mbichi ambayo bado ina asali, ili zisipasuke. Akazifunga mwenyewe, akaja kuturingia. Injini ilipopata moto, ile nta ikaanza kunukia. Aliposimama hapo Ipuli kununua muhogo, nyuki wa pori zima la Unyamwezi wakajua. Lori likakaa pale mpaka giza linaingia, hakuna wa kulisogelea, na yeye amejifunika kanga ya muuza muhogo. Mrisho alicheka mpaka akakaa chini. Kila dereva yule akiingia gerejini, Mrisho alimwuliza, "Mzinga wako hajambo?"

Nilimpenda yule mzee. Nasema wazi, maana zamani hatukuwa tunaambiana.

Lakini masikio yalikuwa yamemwacha. Ujanani alifanya kazi reli, kugonga matangi ya mvuke ya treni kwa nyundo, ukiwa ndani ya tangi lenyewe, na kazi ile haimwachii mtu masikio ya uzeeni. Alificha. Ukimwuliza jambo kwa nyuma alikuwa kimya, na ukimzungukia mbele alisema, "Sema tena, injini inapiga kelele," hata kama gerejini hakuna injini inayowaka. Mimi nilijua tangu siku spana kubwa ilipoanguka nyuma yake, kila mtu akaruka, yeye akaendelea kukaza nati yake. Tangu hapo nikawa nasimama mbele yake kila mara, mdomo wangu auone, na mteja akija nauliza mimi kwa sauti, nasema tena polepole. Yeye hakujua kwamba najua. Tukaenda hivyo.

Sasa ndiyo anaingia Panzi. Panzi lilikuwa gari la spoti, kuukuu, la viti viwili, paa la turubai, chini kabisa, ukikaa ndani unaona magoti ya watu. Bwana Humudi alilinunua kwa mzungu mpima ardhi aliyekuwa anarudi kwao, na alilipenda kuliko malori yake yote. Watu waliliita Panzi kwa sababu likiondoka lilikuwa linaruka: kishindo chini, watu shingo nyuma, ndipo liende. Tena kwenye barabara ya makorongo gia ya tatu ilijitoa yenyewe. Ngata zake zilikuwa zimekufa siku nyingi, lakini Bwana Humudi alikuwa anaendesha sokoni na msikitini tu, akipiga honi, na haikumsumbua.

Ikamsumbua pale dada wa mama yake alipougua Igalula. Mama yake ni Bi Zuwena, mtu mzima sana, nyonga yake moja haikuwa nyonga tena. Treni ya Igalula ipo, lakini ngazi zake ziko juu na nyonga ile haikubali. Lori ndiyo kabisa. Panzi tu ndiye aliyekuwa chini kiasi kwamba Bi Zuwena anajiachia kwenye kiti, anasema Bismillahi, amefika. Na njia ya Igalula ni ileile ya misafara ya wapagazi, mchanga na mizizi, Panzi asingefika katikati.

Bwana Humudi akaniita pembeni. Alikuwa amekasirika tangu mwezi ule, maana lori lake moja lilikuwa limefia njiani na mlio ambao Mrisho alisema hauna neno.

"Lukasi," akasema, "mzee wako amechoka. Nimeshaongea na fundi wa Mwanza, kijana, yuko tayari kuja. Panzi akiharibika njiani na mama yangu ndani, wallahi, Mrisho namrudisha Ujiji."

Ujiji hakuwa na mtu. Wazazi walishakufa, watoto hakupata, mkewe tulimzika hapahapa Tabora. Gereji ndiyo ilikuwa kwake. Kumrudisha Ujiji ilikuwa kumweka kwenye jukwaa la stesheni ambako hakuna wa kumpokea. Nikamwambia Bwana Humudi, "Panzi atafika." Nikaenda kumwambia Mrisho yote, mbele ya uso wake, polepole. Akaitikia kwa kichwa, akaomba jeki.

Alianza vizuri. Akaikingia giaboksi ubao chini kabla ya kufungua bolti, kama mnavyotakiwa kufanya na hamfanyi. Akatoa ngata, zimelowa mafuta, akaziminya, akazitukana. Akaziba kwanza pale mafuta yalipokuwa yanavuja nyuma. Kila kitu sawasawa. Nikaenda kula nikiwa na moyo mweupe.

Nikarudi nikamkuta amechonga ngata mpya za mti. Mninga! Amezipiga msasa, zimeng'aa, bolti zinaingia bila kubishana. Ningekuwa seremala ningezinunua.

"Fundi, mti?"

"Mti."

"Gari litatetemeka lote."

Akaniangalia mdomoni, akaelewa, akasema, "Liache litetemeke." Akaingia chini, akazifunga.

Kesho yake Bwana Humudi akataka Mrisho mwenyewe amzungushe Bi Zuwena mpaka Ipuli na kurudi, tuone. Walipoondoka Panzi hakuruka, hilo nalo niliseme. Aliondoka kama anavutwa na kamba. Lakini walipokuwa wanarudi tuliwasikia kabla hatujawaona. Sakafu, vioo, milango, kila kitu kinalia, na juu ya yote bangili za Bi Zuwena. Akateremka ameshika taya.

"Humudi mwanangu," akasema, "kama umechoka kunitunza, niambie. Usinitwange kama kisamvu."

Bwana Humudi alipiga kelele, gereji nzima ikasimama. Mti kwenye gari! Hata fundi wa baiskeli hafanyi hivyo! Fundi wa Mwanza atapanda treni wiki hii hii! Na Mrisho amekaa kwenye usukani wa Panzi, injini inawaka, anatabasamu. Neno moja halikumfikia.

Nami nikakasirika, jamani. Nimesimama mbele ya huyu mzee siku zote hizo nikimficha, halafu anafanya upuuzi ambao hata mimi nusu-fundi naujua. Bwana Humudi alipoondoka na mama yake, nikaenda kwenye Panzi nimwambie yote.

Nikamkuta amevua kiatu, mguu mtupu uko kwenye sakafu ya gari. Ncha ya bisibisi ameigusisha kwenye mkono wa gia, na mpini wa mti ameung'ata kwa meno. Amefumba macho. Machozi yanateremka kwenye zile ndevu.

Nikamgusa bega. Akashtuka, akatoa bisibisi mdomoni, akafuta uso kwa mkono wenye mafuta, akajichafua zaidi.

"Lukasi," akasema, "naisikia."

Nikazunguka, nikakaa kiti cha pili, uso kwa uso naye.

"Mimi sisikii, Lukasi."

"Najua, fundi. Najua siku nyingi."

Akaniangalia sana. "Nani mwingine?"

"Hakuna."

"Usimwambie mtu." Kisha akapapasa usukani. "Unadhani sijui kwamba raba ndiyo dawa yake? Najua. Nimejua tangu kuifungua. Lakini miaka mingi sasa nafungua giaboksi kwa kubahatisha, naomba Mungu, nashika tu kwa mkono, na mkono nao unazeeka. Raba inameza kila kitu. Nikasema, niweke mninga, mti wa ngoma, nisikie hata mara moja. Moja tu, halafu nitoe."

"Na mama wa watu je?"

"Hapo nilikosea. Gari lilivyoondoka nilifurahi, nikamsahau." Akanikabidhi bisibisi. "Ng'ata. Niambie unasikia nini."

Nikaung'ata ule mpini, mpaka leo fizi zinakumbuka. Kwanza nikasikia mngurumo tu kichwani, kichwa kizima. Kisha nikasikia chini yake kitu kinasaga, kinaacha, kinasaga, kinaacha. Kwa masikio yangu matupu, bila bisibisi, sikukisikia kabisa.

"Beringi," Mrisho akasema, akiniangalia usoni. "Imeliwa. Hiyo ndiyo inatoa gia ya tatu. Ngata zilikuwa zimekufa, ndiyo, lakini tungefunga raba mpya na kumpeleka bibi Igalula, angelala porini."

Tukaishusha giaboksi siku ileile. Beringi ilikuwa imechimbika, ukipitisha ukucha unakwama. Nikaiweka kiganjani, na mafuta yake hivyohivyo, nikaenda nyumbani kwa Bwana Humudi. Alikuwa barazani. Bi Zuwena amejinyoosha kwenye mkeka nyuma yake, anakandwa nyonga na msichana wa jirani.

"Shikamoo, Bibi." Akaitikia marahaba kwa unyonge. Nikamwonyesha mwanawe beringi, nikamweleza kwamba Mrisho ndiye aliyeigundua kwa zile ngata za mti.

Bwana Humudi akaigeuzageuza. "Mimi nimeendesha gari hili siku zote, sijasikia kitu. Yeye amesikiaje?"

Mrisho alisema nisimwambie mtu. Nikitaja bisibisi, nimetaja masikio. Nikaanza kusema habari za uzoefu, za Mungu, nikawa najiuma ulimi.

"Hakusikia," Bi Zuwena akasema kutoka mkekani. "Yule hasikii hata radi. Nimemsemesha tangu sokoni mpaka Ipuli. Nimemwuliza habari za kaburi la marehemu mkewe, ananijibu, 'Mafuta yapo ya kutosha, Bibi.'"

Bwana Humudi akanigeukia. Uso wangu ulimjibu.

"Kiziwi!" akasema. "Fundi mkuu wangu ni kiziwi! Na ninyi wote mnaniangalia tu!"

"Na mimi sina nyonga," mama yake akasema. "Utanirudisha Maskati?"

"Mama, hayo ni mambo mengine."

"Mambo ni hayohayo. Wewe una masikio mawili, ulikuwa unapiga honi tu. Yule asiyesikia ndiye aliyekuambia gari lako bovu kabla sijalala porini na fisi. Ila mwambie aondoe ile miti yake. Meno yangu nayapenda."

Bwana Humudi akaigeuza tena beringi mkononi, kanzu yake nyeupe imeshaingia mafuta na hajali. Mwisho akauliza, "Ngata nzuri mtazitoa wapi?"

Jibu alikuwa nalo Mrisho mwenyewe. Sikilizeni vizuri, hii ni kazi. Mabehewa ya treni yana mipira minene ya breki, na ndani ya raba yake kuna tabaka za kitambaa kigumu. Ukichakaa unatupwa. Rafiki yake wa zamani wa reli akatupatia kipande. Tukakata vipande, tukavipanga, na bati jembamba katikati yake ili visitanuke kando. Raba inalegea, kitambaa kinaizuia, zinasaidiana. Beringi tukaitoa kwenye giaboksi ya lori lililokufa, tukaitengenezea pete ikae. Kisha Mrisho akafunga bolti kwa vidole tu. Akateremsha gari, likasimama kwa uzito wake, akawasha injini, akaiacha giaboksi itafute mahali pake inapopapenda. Ndipo akakaza. Ninyi jana mmekaza gari likiwa juu ya jeki! Hiyo raba imezaliwa imepinda, masikini.

Bwana Humudi akampeleka mama yake Igalula mwenyewe. Wakafika. Dada mtu alikuwa bado ana nguvu ya kugombana naye, wakagombana wiki nzima kwa raha. Aliporudi, Bi Zuwena alipitishwa gerejini kwanza. Hakuteremka. Akamwita Mrisho dirishani, akainua mkono, akautikisa mbele ya macho yake, bangili zote, kisha akautuliza na kutikisa kichwa: njiani hazikulia. Mrisho akashika kifua akainama. Hakuhitaji maneno pale.

Fundi wa Mwanza hakuja, au alikuja akaishia kwingine, sikuuliza.

Zile ngata za mninga Mrisho alizitupa kwenye rundo la kuni. Nilikuwa nazitafuta nizifiche, nikamkuta Bwana Humudi anazo mkononi, anazifuta kwa kanzu. Akaniuliza kama linaweza kutengenezwa benchi, gumu, la kushikamana na ile fremu tuliyokuwa tunajaribia giaboksi, halafu hizi zikae katikati. Nikamwambia linawezekana. Akasema, "Basi mfungieni mzee asikie. Na msimwambie nimesema mimi." Nilimwambia siku ileile.

Mrisho alikaa kwenye benchi lile mpaka uzee ukamzuia kuja. Giaboksi inawekwa kwenye fremu, injini inazungusha, yeye amevua viatu, ameng'ata bisibisi, sisi tumesimama kimya tunamtazama uso. Akikunja paji, tunafungua. Akitabasamu, tunafunga. Madereva walikuja kutoka mbali kutazama uso ule. Tulimzika karibu na mkewe, na jeneza tulilibeba mafundi na madereva tu, na yule wa nyuki alikuwa mbele.

Sasa angalieni chini mlipokaa, benchi ni lilelile. Pale miguu inapofunga kwenye fremu. Vipande vile vyekundu vilivyong'aa ndivyo hivyo.

Na nyinyi mnadhani sijui mnavyosema, kwamba babu akiitwa haitiki mpaka aguswe bega. Ni kweli. Mwaka huu mjukuu wangu ananisemesha, mimi namjibu mambo ya kuku. Kwa hiyo mkinikuta hapa asubuhi nimevua viatu, nimefumba macho, nimeng'ata mpini wa bisibisi, chekeni mnavyotaka. Ila msizime injini.